Kungojea Dawa ya Pili

Daktari Thorsen alipomaliza kusema, dada yangu Sylvi alinigeukia na kuutazama mdomo wangu.

Alikuwa ameketi kitandani, mto nyuma ya mgongo, nywele zake za rangi ya majani makavu zimesukwa msuko mmoja ulioangukia begani. Masikio yake yalikuwa yamezimika tangu majira ya kuchipua. Midomo ya daktari hakuweza kuisoma, kwa kuwa Thorsen alikuwa na masharubu mazito na alisema kama mtu mwenye tonge kinywani. Kwa hiyo kila neno lililoingia chumbani mwetu lilipitia kwangu. Nililipokea kwa Kiingereza, nikaligeuza Kifini, nikalitamka taratibu bila sauti, naye akalinywa kwa macho.

"Anasemaje?"

Barazani wagonjwa wawili walikuwa wakigombania karata, mmoja akimwita mwenzake mwizi wa mchana kweupe.

"Aune, anasemaje?"

Daktari alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mwema, na siku hiyo wema wake haukuwa na pa kushika.

*

Mama yetu alikufa kwa kifua kikuu kabla sijaanza shule. Ninachokumbuka kwake ni mgongo wake, umegeukia ukuta, na Sylvi akinivuta mkono nisiingie. Tulikaa kaskazini mwa Minnesota, kwenye ukanda wa migodi ya chuma, ambako vumbi jekundu liliingia hadi kwenye unga wa mkate. Baba, Nestori Hautala, alifanya kazi mgodini na kufuga ng'ombe wachache. Hakuwa mtu wa maneno. Jioni alimimina kahawa kwenye kisahani, akauma kidonge cha sukari, akaifyonza kahawa kupitia sukari ile, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake. Aliyenilea ni Sylvi. Ndiye aliyenifunza kusoma, kukanda mkate wa iliki, na kumpiga teke mvulana yeyote ambaye angenivuta nywele.

Alikuwa msichana mkubwa, mwenye kiuno chembamba na sifa ya kucheza dansi kuliko wote pale ukumbini kwa Wafini, alipotema damu kwenye shuka alizokuwa akizianika. Baba alimpeleka siku hiyo hiyo kwenye hospitali ya kifua, kando ya ziwa, katikati ya misonobari. Tiba ya zamani zile ilikuwa kulala barazani kwenye baridi, kunywa maziwa, na kungoja. Wengine walipona. Wengine walitolewa kwa mlango wa nyuma, ule uliotazama barabara ya kuni.

Halafu, mwaka 1947, ikaja streptomaisini. Sylvi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchomwa. Tulipokwenda kumwona hatukuamini. Homa ilikuwa imekwisha, mashavu yamerudi, na anakula kama mchimba madini. Alituambia kwamba manesi walilia walipoona picha za mapafu yake. Baba alivua kofia mbele ya Daktari Thorsen, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kanisani.

Akarudi nyumbani kiangazi. Sindano zilikuwa zimemwachia kizunguzungu, akawa anatembea kama mtu aliye juu ya godoro, na gizani ilibidi anishike bega. Lakini alicheza dansi. Alinikumbatia mimi badala ya mwanamume, akasema, "Wewe nishike tu nisianguke, miguu yangu inajua kazi yake." Nyumba yetu ilikuwa na vitanda viwili, cha baba na chetu. Tulilala kitanda kimoja kama tulivyolala tangu utoto, uso wangu ukiwa shingoni mwake. Daktari alikuwa amesema amepona, na hakudanganya. Makohozi yake yalikuwa safi. Hakuna aliyejua kwamba ndani kabisa vilibaki vijidudu vichache ambavyo dawa ile haikuviweza, na sasa vilikuwa na shamba lote peke yavyo.

Tulikuwa tukivuna viazi alipoanza tena kukohoa. Alisema ni vumbi. Baba aliacha uma wake wa kuchimbia umesimama kwenye udongo, akaenda kuwasha gari.

Walimchoma tena, mara hii kwa aina nyingine ya dawa ile ile, wakamchoma muda mrefu. Vijidudu havikujali hata kidogo. Kilichoondoka ni masikio yake. Kwanza ndege, halafu kengele ya chakula, halafu sauti za watu. Ya mwisho kuisikia, aliniambia, ilikuwa kikohozi chake mwenyewe, nacho kikawa kama cha mtu wa chumba cha pili.

*

Zamu yangu ilifika mwaka 1950, mwanzo wa kiangazi. Sikutema damu. Nilichoka tu, jioni hadi jioni, na blauzi zangu zikaanza kuning'inia. Nililazwa chumba kimoja na Sylvi, kwa sababu aliomba yeye na kwa sababu manesi walikuwa wamechoka kumwandikia kila kitu kwenye karatasi.

Aliponiona mlangoni na sanduku langu hakunisalimu. Aligeukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa mgongo wa mama. Baadaye sana akasema, kwa ile sauti yake mpya isiyopanda wala kushuka, "Nilikukataza kulala uso wako shingoni mwangu."

"Hukunikataza."

"Ilinipasa kukukataza."

Daktari Thorsen alinieleza jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Ugonjwa huu, alisema, unaweza kukaa umelala kifuani mwa mtu tangu utotoni. Kwa hiyo ninachougua huenda ni kile cha mama, na kama ndivyo, dawa bado itakiua. Au nimekipata kwa Sylvi kiangazi kile, baada ya vijidudu vyake kuizoea dawa. Kwa kuvitazama tu havitofautiani. Ilibidi makohozi yangu yaoteshwe maabara, yawekewe dawa, waone kama vitakufa. Kazi hiyo ilichukua wiki nyingi, kwa sababu vijidudu hivi hukua polepole kama vile vinajua kwamba vina muda.

Basi tukangoja. Sijawahi kumwomba Mungu ombi la ajabu kama lile, kwamba kinachoniua kiwe cha mama. Sylvi naye aliomba, najua, maana nilimwona midomo ikicheza. Wakati huo ndipo tulipojifunza kuzungumza bila sauti. Saa za mapumziko nesi alimkaripia kwa kupiga kelele, naye hakuweza kujisikia apunguze vipi, kwa hiyo akaacha kutumia sauti kabisa. Tulilala tumegeukiana, tukasengenya jengo zima bila kutoa hata pumzi. Nesi mkuu tulimwita Farasi. Mgonjwa mmoja aliyemtumia Sylvi maua ya karatasi tulimwita Bwana Harusi, na Sylvi akasema, "Masikini, hajui kwamba ananinong'oneza mambo matamu na mimi najibu 'asante, nimeshakula.'"

*

"Aune," alisema tena. "Anasemaje?"

Nilimwambia. Sikuwa na namna nyingine. Uso wangu ulikuwa umeshasema nusu yake. Nilitamka polepole, "Vya kwangu ni kama vyako. Dawa haiviui."

Aliendelea kutazama mdomo wangu baada ya kufungwa, kana kwamba kuna sentensi iliyobaki. Halafu akauvuta msuko wake mbele, akaanza kuufungua, utepe kwanza, halafu nywele, mpaka zote zikawa zimemwagika usoni na sikuweza kumwona tena. Daktari alikohoa kidogo, akaomba radhi kwa kukohoa, akaniambia atarudi Jumapili baba akiwapo.

Jumapili baba alikuja amevaa suti yake ya mazishi, kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Alileta mkate wa iliki aliouoka mwenyewe, mgumu kama tofali. Kiingereza chake kilitosha mgodini tu. Kwa hiyo hapo pia nikawa mkalimani, safari hii pande tatu. Daktari alisema nami, nikasema na baba kwa sauti, nikamgeukia Sylvi nikasema bila sauti, mambo yote yakihusu mapafu yangu na yake.

Kulikuwa na dawa mpya, daktari alisema. Chembechembe chungu za kumeza kwa kijiko, nyingi, mara kadhaa kwa siku. Hospitali imeanza kuzipata.

"Basi awape," baba alisema. "Wote wawili. Leo."

"Siwezi kumpa Aune," daktari alijibu. "Ukitoa dawa moja peke yake, vijidudu vinajifunza kuishi nayo. Tulimfanyia hivyo Sylvi kwa kuwa tulikuwa na moja tu. Dawa zinatakiwa ziwe mbili kwa pamoja. Kinachoponyoka hii kinauawa na ile. Streptomaisini kwa hawa imeshakufa. Nikimpa hii mpya peke yake, atapona miezi kadhaa, halafu nitakuwa nimeiua na hii, na dawa nyingine ikija haitakuwa na mwenzake."

"Nyingine inakuja lini?"

"Sijui."

"Itakuja kweli?"

Daktari alifikiri. "Watu wanaitafuta," alisema.

Nilitafsiri. Baba aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mwambie huyu Mnorwe," alisema, "mwambie kwamba nimeshamzika mmoja nikisubiri. Mwambie mtu mwenye njaa hafichiwi mkate eti mpaka siagi ipatikane!"

Nilitafsiri yote isipokuwa Mnorwe.

Sylvi alikuwa akifuata mdomo wangu. "Na mimi?" aliuliza. "Mimi anasemaje?"

Daktari alisema naye kupitia kwangu, na nadhani ndiyo mara ya pekee nilipotamani nisingejifunza Kiingereza. Sylvi hana muda wa kungoja, alisema. Kwake yeye daktari yuko tayari kuitoa dawa mpya peke yake. Itamsogeza mbele, pengine majira mawili, pengine zaidi. Lakini vijidudu vyake vitaizoea hiyo nayo. Na wakati huo hatakiwi kulala chumba kimoja na mimi. Daktari hawezi kuapa kwamba nitavipata, na hawezi kuapa kwamba sitavipata.

Nilipofika hapo niliongeza maneno ambayo daktari hakuyasema. "Usihame," nilimwambia. "Kaa hapa."

Sylvi alitabasamu, kwa sababu alikuwa ameshajua kutofautisha mdomo wangu ukiwa wa daktari na ukiwa wangu. Alimgeukia baba. Alitumia sauti, ile sauti bapa iliyomfanya baba atazame chini kila alipoisikia.

"Baba, mimi nilipewa peke yake. Unaona nilivyo. Huyu asipewe."

"Sylvi..."

"Asipewe. Hata akilia. Hata wewe ukilia." Halafu akanigeukia na sauti ikazimika, ikawa yetu wawili. "Mimi nitaimeza na nitahama. Nataka kuishi, Aune, usinitazame hivyo. Mimi pia nataka."

Baba aliinua kiti, akakaa. Aliukata ule mkate vipande vidogo vidogo sana, akamgawia kila mtu, hata daktari.

*

Walimpeleka jengo la pili, ghorofa ya juu. Kati ya majengo kulikuwa na ua wenye misonobari michache, na theluji ilipoanguka ua ukawa mweupe na mtupu kama ukurasa. Dirisha lake lilitazamana na langu. Siku ya kwanza alisimama pale amejifunga blanketi, akasema, na nikamwelewa. Manesi walishangaa. Kwa wengine umbali ule ulihitaji kupiga kelele, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa baridi. Sisi hatukuhitaji sauti tangu zamani.

"Dawa ina ladha gani?" nilimuuliza.

"Soksi za baba. Zilizochemshwa kwenye siki."

Ilimchoma tumbo, ikamtapisha, akaimeza tena. Kufika Krismasi alikuwa amenenepa uso. Aliweza kusimama muda mrefu, akanionyesha hatua za dansi akiwa ameshika fremu ya dirisha. Mimi nilikuwa nashuka. Homa ilinijia kila mchana, na kila mchana niliwaza kwamba ng'ambo ya uwanja ule mdogo, kwenye kabati kando ya kitanda cha dada yangu, kuna kopo la kitu kinachofanya kazi.

Siku moja nilimwambia. "Niibie kidogo. Kijiko kimoja tu kwa siku. Mpe Farasi afikiri ni sukari."

Alivuta pazia.

Pazia lilibaki limevutwa kesho yake, na keshokutwa, na siku nyingine baada ya hiyo. Nilimlaani. Nilisema maneno mabaya kuelekea kitambaa kile, kwa sauti kubwa, mpaka nesi akaja. Lilipofunguliwa alikuwa ameketi kwenye kiti, hakusimama, na rangi nyekundu ya mashavu ilikuwa imerudi, ile nisiyoitaka. Sikuhitaji daktari kunieleza. Vijidudu vilikuwa vimejifunza.

"Umeona?" alisema. "Hata mpaka Pasaka haikufika."

"Nimeona."

"Sasa nyamaza, unisimulie nani amegombana na nani."

Nikamsimulia. Kila siku nilimsimulia, na majibu yake yakawa mafupi, kisha yakawa kuinua nyusi tu. Mara ya mwisho alikuwa amelazwa kando ya dirisha, mito mitatu ikimwinua. Nesi Farasi aliingia nyuma yake, naye alikuwa amekata nywele kwa mtindo mpya, fupi na zimesimama. Sylvi alingoja mpaka ametoka. "Maskini farasi," alisema bila sauti, "wamemnyoa shungi." Nilicheka mpaka nikakohoa, na nilipoinua kichwa alikuwa amefumba macho, amefurahi.

Barafu ya ziwa ilikuwa inapasuka siku hizo, milio yake ikisikika hadi vyumbani kama milango mizito. Asubuhi moja dirisha lake lilikuwa wazi kabisa, na godoro limening'inizwa kwenye ukingo wa baraza lipigwe na hewa. Baba alikuja na suti yake. Sikuruhusiwa kwenda makaburini. Alikaa kando ya kitanda changu baadaye, matope viatuni, akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Akasema ng'ombe mmoja amezaa ndama mwenye doa jeupe. 

*

Kiangazi kile walinitoa mbavu kadhaa upande wa kushoto ili pafu lilale, na mpaka leo bega langu hilo liko chini kuliko jingine. Dawa ya chembechembe sikupewa. Niliomba tena, mara moja, nikiwa na homa, na Daktari Thorsen akasema, "Dada yako alinikataza," akatoka haraka.

Mwanzoni mwa 1952 ikaja isoniazidi, vidonge vidogo vyeupe visivyo na ladha yoyote. Aliniletea mwenyewe. Kwenye mkono mmoja alishika vidonge na kwenye mwingine kopo la chembechembe. Alisimama mbele yangu hajui aanze na mkono upi. Nikavipokea vyote.

Ladha ya chembechembe ilikuwa kama Sylvi alivyosema. Nilizimeza dawa zote mbili mwaka mzima na zaidi, sikuacha kijiko hata kimoja, na nilipotapika niliomba kingine.

Siku ya kutoka, Bi Mlakar wa maabara alimtuma nesi aniite. Alikuwa mama Mslovenia kutoka mji jirani na kwetu, mwenye mikono inayonuka spiriti, na kwa miaka yote ile nilikuwa nimempelekea makohozi bila kuingia chumbani mwake. Alinionyesha kichupa cha mwisho alichooteshea vyangu. Chakula cha vijidudu kilikuwa mle, cha kijani, kimelala mteremko, laini, bila kitu juu yake.

"Hakuna," alisema. "Kwa miezi hakuna. Nilitaka uone kwa macho yako."

Nilishukuru. Nilikuwa nimeshageuka nitoke nilipouliza kama vile vya zamani vilitupwa.

Alisita. Kisha akafungua kabati la joto lililokuwa ukutani, akatoa kibao chenye matundu, akavuta kichupa kimoja. Jina la ukoo wetu lilikuwa limeandikwa, na herufi S. Juu ya ile kijani kulikuwa na vitu vya rangi ya malai, vimekunjamana kama makombo ya mkate.

"Ni vyake?"

"Vyake. Vya mwisho."

Alinipa. Kichupa kilikuwa na joto, kama yai lililotoka kutagwa. Kila kitu kingine chake kilikuwa ardhini au kimechomwa, blanketi, nguo, hata ule utepe wa nywele.

"Viko hai bado?"

"Hai kabisa, mwanangu. Tunavihamisha kwenye chakula kipya kila baada ya muda." Alinitazama, akaipangusa mikono yake kwenye aproni. "Lakini ukitaka, nitavichoma leo hii. Sitamuuliza mtu."

Nje baba alikuwa akipiga honi. Ng'ombe walikuwa wanangoja kukamuliwa.

"Daktari anavifanyia nini?" nilimuuliza.

"Dawa mpya zinakuja, sasa zinakuja nyingi. Anavijaribia hivi kwanza, kwa sababu hivi ndivyo vigumu kuliko vyote tulivyo navyo. Anaziweka mbili mbili, halafu tatu. Anaangalia zipi zikishikana haviponyoki."

Nilikishika kidogo zaidi. Kisha nikakirudisha kwenye tundu lake, nikasukuma kile kibao ndani, na nikaufunga mlango wa kabati vizuri, joto lisitoke.